UZI: Klachi ya mafuta ya pikipiki kubwa inavuja? Tafuta kwanza yanapotokea kabla hujanunua masta mpya

Fundi_Makubwa:

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wenye pikipiki kubwa zenye klachi ya mafuta, yani Bandit 1200, XJR1300, CB1300, Hayabusa, V-Strom 1000 za zamani, Varadero, Super Ténéré 1200 na ndugu zake, zile ambazo ukiminya mkono wa klachi hamna waya unaovutwa bali kuna kikopo cha mafuta upande wa kushoto wa usukani kama kile cha breki cha kulia. Boxer, TVS na Haojue hazimo humu, zile ni waya.

Ninachotaka kusema ni kimoja tu, ukiona mafuta ya klachi yamepungua usinunue kitu chochote mpaka ujue yameenda wapi. Watu wanatupa hela sana hapa, mafuta yanapungua, mtu anaambiwa masta ya juu (ile silinda ya kwenye usukani inayosukuma mafuta) imekufa, anahangaika kuagiza masta nzima, inafungwa, baada ya muda yanapungua tena, kumbe pa kuvuja ni kule chini nyuma ya sproketi (gia ya mbele inayovuta cheni) ambako hakuna aliyewahi kufungua. Inaniuma kwasababu ukitulia nusu saa na tambara jeupe na kikombe cha maji unaweza kujua tatizo lako bila kumlipa mtu yeyote.

Kwanza elewa hili maana wengi ndo wanapopotelea. Kwenye breki mafuta kupungua kidogo kidogo ni kawaida, pedi zikilika pistoni zinatoka nje zaidi na mafuta yanashuka kujaza ile nafasi, ukifunga pedi mpya yanarudi juu. Klachi ni kinyume kabisa. Kwenye hizi za Kijapani nyingi kuna fimbo ndefu inapita ndani ya shafti ya giaboksi kutoka kushoto mpaka kwenye klachi upande wa kulia, sasa plate za klachi zikilika ile fimbo inarudishwa kushoto, inasukuma pistoni ya masta ya chini (silinda ya kwenye injini inayopokea mafuta na kusukuma fimbo) iingie ndani, na mafuta yanapanda kuelekea kwenye kikopo. Kwaio klachi isiyovuja kadri inavyotumika mafuta yake yanapanda, hayashuki. Yakishuka yanavuja, basi. Anayekwambia "we ongeza tu ni kawaida" anakupa jibu la breki kwenye swali la klachi. Na ndo maana pia usijaze kikopo mpaka mdomoni, acha kwenye alama, ukijaza pomoni yakipanda hayana pa kwenda, yanabaki yanasukuma klachi kidogo muda wote na inaanza kuteleza, unapiga resi injini inalia pikipiki haiendi.

Sasa yanavujia wapi. Sehemu ni chache.

Masta ya juu, ile ya kwenye usukani. Ndani ina pistoni yenye raba mbili. Raba ya nyuma ikichoka mafuta yanatoka nje, utayakuta chini ya kile kiraba cha vumbi pale mkono wa klachi unaposukuma, yanatiririka kwenye swichi ya klachi na mpini, mara nyingine yanadondokea tenki au kava na rangi inaanza kuvimba na kubanduka. Ukiona rangi imevimba upande wa kushoto tu karibu na usukani umeshapata jibu, oili ya injini haifanyi hivyo. Raba ya mbele nayo ikichoka ni habari nyingine, haivuji nje kabisa, mafuta yanapita ndani kwa ndani kurudi kwenye kikopo, hilo nitalieleza mtu akiuliza maana najua atakuwepo.

Paipu na maungio yake. Pale juu na pale chini kuna bolti yenye tundu, imekaa katikati ya washa mbili za shaba au alumini. Zile washa ni za kutumia mara moja, zinabanwa zinabonyea zinaziba, ukizirudisha zilezile unabahatisha. Paipu yenyewe ya raba inachanika taratibu hasa pale inapoingia kwenye bati la mwisho, ikunje kwa mkono uangalie nyufa. Vitabu vya Suzuki vinasema paipu zibadilishwe kila miaka 4 na mafuta kila miaka 2, sasa pikipiki imetoka Japani imetumika, ina miaka 20 na paipu yake ya kiwandani, tunategemea nini.

Masta ya chini, ndo mwizi mkubwa. Kwenye nyingi iko upande wa kushoto wa injini imefungwa kwenye kava ya sproketi ya mbele au pembeni yake, mahali pabaya kuliko pote, matope, mchanga, mafuta ya cheni yaliyochanganyika na vumbi, vyote vinajikusanya pale. Mafuta ya breki, ndo hayohayo yanayotumika kwenye klachi hizi, yanavuta unyevu hewani, ni asili yake, unyevu unatua sehemu ya chini kabisa ya mfumo ambayo ni hiyohiyo, alumini inaanza kuota vidonda kama ukoko mweupe, raba inapita juu ya vidonda kila unapominya klachi, mwisho inachanika. Ndo maana klachi ambayo mafuta yake hayajabadilishwa miaka yatakuwa meusi kama chai ya rangi na masta ya chini inavuja.

La mwisho ni sili ya ile fimbo. Hii haihusiki na klachi ya mafuta, inazuia oili ya injini isitoke pale fimbo inapochomoza nyuma ya sproketi, ila ikivuja inadondokea palepale masta ya chini inapodondokea. Hapa ndo watu wanabadilisha masta ya chini nzima kumbe ni sili ya bei ya soda.

Namna ya kutofautisha: chukua tone kwa kitambaa cheupe au tishu. Mafuta ya breki ni mepesi, rangi ya njano au kahawia, ukiyasugua kwenye vidole yanateleza kidogo. Oili ya injini ni nzito. Bado una wasiwasi, weka tone kwenye kikombe cha maji safi ukoroge, mafuta ya breki DOT 3, 4 na 5.1 yanayeyuka ndani ya maji yanapotea, oili inaelea juu. Hii test haina gharama na haidanganyi, ila tone liwe safi, ukichota lile tope la cheni vyote vitaelea.

Baada ya hapo osha. Kwa kuwa mafuta ya breki yanayeyuka kwa maji, maji mengi na sabuni yanatosha kabisa, osha masta ya juu, paipu yote, fungua kava ya sproketi osha kule nyuma mpaka ubaki chuma, kausha vizuri. ANGALIZO, kwenye pikipiki nyingi ukifungua kava unafungua na masta ya chini, ikiwa wazi hivyo usiguse mkono wa klachi hata kwa bahati mbaya, pistoni itaruka nje na mafuta yote yatamwagika. Ifunge na kamba ya plastiki pistoni isitoke, au ichomoe kwenye kava uirudishe kwenye injini na bolti zake. Baada ya kukausha pulizia poda ya watoto kwenye kila ungio, minya klachi taratibu mara nyingi, shika kwa nguvu, achia, kaa uangalie. Poda inalowa pale pa kuvuja na utaona mstari unaanzia wapi. Muhimu ni unaanzia wapi, maana mafuta yanatiririka, tone linaonekana chini kabisa ya injini wakati chanzo ni bolti ya paipu huko juu. Siku zote fuata kwenda juu mpaka sehemu ya mwisho yenye unyevu.

Mafuta yakimwagika kwenye rangi mwaga maji hapohapo usisubiri. Karibuni.

Bandit_Ilala:

Mkuu umeongea kitu changu kabisa. Mimi nna Bandit 1200, kila asubuhi chini upande wa kushoto kuna tone jeusi, fundi kaniambia ni grisi ya cheni inayeyushwa na joto la Dar, ila klachi nayo imekuwa laini, gia namba moja inaingia kwa kishindo na frii (gia sifuri) nikiwa nimesimama kwenye mataa haipatikani kabisa mpaka nizime. Kikopo nimeongeza mafuta yameshuka tena. Nimeshaulizia masta ya juu Kariakoo hawana, naambiwa niagize.

Fundi_Makubwa:

Usiagize kwanza mkuu. Weka pamoja hivyo vitu ulivyosema, gia kuingia kwa kishindo na frii kukosekana injini ikiwa inawaka ni klachi haiachii yote, maana mafuta hayatoshi kuisukuma fimbo mwendo wake kamili au kuna upepo (hewa) umeingia kwenye mafuta. Kikopo kinashuka, kwaio yanatoka nje. Tone liko kushoto chini. Masta ya juu ikivuja ungeyaona kwenye mpini. Kila kitu kinaelekea masta ya chini, na tone ni jeusi kwasababu limepita kwenye uchafu wa cheni kabla halijafika chini. Grisi ya cheni haiwezi kupunguza mafuta kwenye kikopo, hizo ni habari mbili tofauti.

Fungua kava ya sproketi. Chungulia kiraba cha vumbi cha masta ya chini, kifunue kwa bisibisi ndogo, kukiwa na maji maji ndani yake raba imeshapita. Nyuma ya kiraba panatakiwa pawe pakavu.

XJR_Mwanza:

Haya mi ndo yule uliyesema atauliza. XJR1300, nje pakavu kama umepangusa leo, mafuta hayapungui hata kidogo, nimeangalia na poda kama ulivyosema. Ila nikiwa kwenye foleni nimeweka gia nikashika klachi muda mrefu inaanza kunisukuma taratibu mpaka nibane breki. Nikiachia nikaminya tena haraka inakaa sawa, afu tena inaanza.

Fundi_Makubwa:

Ndo hiyo raba ya mbele ya masta ya juu. Unapominya, pistoni inasogea inaziba kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta na raba ya mbele inasukuma mafuta kwenda chini. Raba ikiwa imechoka au ukuta wa silinda umechubuka, presha inapenya pembeni ya raba inarudi nyuma, mkono hausogei lakini fimbo kule chini inarudi polepole na klachi inashika. Mafuta hayajatoka kwenye mfumo kwaio kikopo hakishuki.

Hakikisha hivi. Uwanja tambarare, injini imepata moto, gia namba moja, breki ya mbele umeshika, minya klachi mpaka mwisho ukae hivyohivyo bila kuachia dakika mbili. Ikianza kusukuma ni hiyo. Usipime kwa kuinua gurudumu la nyuma, klachi ya kwenye oili siku zote inaburuza kidogo, gurudumu litazunguka hata klachi ikiwa nzima na utajilaumu bure.

Upepo nao unafanana na hii ila sio sawa. Upepo mkono unakuwa kama unaminya sponji tangu mwanzo, na ukipampu haraka haraka unakaza. Raba mkono unakuwa mgumu wa kawaida ila inapoteza kwa muda. Ukitaka kukata shauri kabisa, toa bolti ya paipu pale juu kwenye masta, weka bolti isiyo na tundu na washa zake, toa upepo uliobaki, minya. Mkono ukiwa mgumu kama jiwe na hausogei hata ukishika muda mrefu, masta ya juu ni nzima tatizo liko chini. Ukizama taratibu, masta ya juu ndo yenyewe. Kwenye Kijapani nyingi bolti ni milimita 10 na hatua ya uzi 1.25, kwenye masta za kampuni ya Brembo na za Ulaya nyingi hatua ni 1.0, usilazimishe isiyoingia kwa vidole, alumini hiyo inavunjika uzi mara moja.

XJR_Mwanza:

Nimekusoma mkuu. Raba pekee zinauzwa au lazima masta nzima?

Fundi_Makubwa:

Zinauzwa, unapata kiti, yani seti ya vipuri, yenye pistoni, raba zote mbili, springi na kiraba cha vumbi. Kipimo kimeandikwa kwenye mwili wa masta yenyewe, iwe kwa milimita kama 14 au kwa inchi kama 5/8, soma hapo kwanza usiende dukani kusema "nipe ya XJR". Ila kabla ya kununua kiti toa pistoni uangalie ukuta wa silinda kwa tochi, upitishe ukucha. Ukucha ukikwama kwenye kidonda achana na raba, raba mpya itachanika palepale ya zamani ilipochanikia. Ukuta ukiwa laini raba zinatosha na utaokoa hela nyingi.

Tudor_Rider:

Niaje fundi, mimi niko Mombasa. Huku chumvi na unyevu vinamaliza kila kitu, hii masta ya chini nimebadilisha raba na bado imevuja tena kabla hata haijakaa. Fundi alitoa raba akaziosha na petroli zikang'aa kabisa, akapaka grisi akafunga. Raba zilikuwa mpya. Shida iko wapi?

Fundi_Makubwa:

Kaka shida ni petroli na grisi. Raba za mfumo wa DOT 4 zimetengenezwa kwa aina ya raba isiyopatana na kitu chochote cha petroli. Petroli, dizeli, oili ya injini, grisi ya kawaida, mafuta ya usukani wa gari, vyote vinaivimbisha raba inakuwa laini inapoteza umbo. Siku ya kwanza inaziba vizuri kweli maana imevimba, halafu inakwama kwenye silinda, inachanika. Raba za klachi na breki zinaoshwa kwa mafuta ya breki safi au spiriti, na zinafungwa zikiwa zimelowa mafuta ya breki mapya. Kuna grisi maalumu nyekundu ya raba, hiyo ndo inaruhusiwa, nyingine yoyote hapana.

Kingine muulize alifunga mdomo wa raba upande gani. Ile raba ina mdomo uliofunguka kama kikombe, mdomo unatakiwa uangalie upande wenye mafuta ya presha ili presha iufungue ubane ukuta. Ukigeuzwa inavuja toka siku ya kwanza.

Kwa mazingira ya pwani badilisha mafuta kila mwaka usisubiri miaka 2, na chupa iliyofunguliwa ikakaa miezi kwenye kabati ya gereji usiitumie, imeshavuta unyevu humo humo. DOT 4 kavu inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishavuta maji inashuka mpaka 155, na klachi iko pembeni ya injini inayochemka. DOT 5 usiguse, ile ni silikoni na haichanganyiki na hizi, ingawa 5.1 inachanganyika, majina yanachanganya watu sana kwaio soma kifuniko cha kikopo chako.

GS_Arusha:

Naomba niongezee kuhusu BMW maana huku Arusha ziko kadhaa. R1150GS yangu haivuji popote nje, kikopo kinashuka, na klachi imeanza kuteleza nikipanda mlima. Nimetafuta tone sijaliona.

Fundi_Makubwa:

Mkuu simamisha hiyo pikipiki leo usiendelee kuongeza mafuta. Kwenye hiyo masta ya chini iko nyuma ya giaboksi na fimbo inapita katikati ya giaboksi kwenda kwenye klachi kavu iliyo kati ya injini na giaboksi. Raba ikichoka mafuta yanafuata fimbo yanaingia kwenye klachi, na klachi kavu ikilowa mafuta ya breki diski imeharibika, haioshwi ikapona. Kila kikopo unachoongeza unamwagia diski. Angalia chini pale injini inapokutana na giaboksi kama pana unyevu, halafu toa masta ya chini uangalie tundu la fimbo kama lina mafuta. Ukiwahi ni raba au masta tu. Ukichelewa ni kutenganisha pikipiki nzima katikati kubadilisha diski, na hiyo kazi si ya mchana mmoja.

Na wenye R1200GS za 2004 mpaka 2012 na KTM 950/990 zenye klachi ya kampuni ya Magura msiweke DOT 4 kabisa. Zile zinatumia mafuta madini (mineral oil), raba zake ni za aina nyingine na mafuta ya breki yanazila. Na kinyume chake pia, mafuta madini kwenye mfumo wa DOT 4 yanavimbisha raba. R1150 ya mdau hapa ni DOT 4, R1200 iliyoifuata ni mafuta madini, kampuni moja na aina moja ya pikipiki, kwaio usikisie, soma kifuniko.

GS_Arusha:

Nimechungulia, tundu la fimbo limelowa. Naitoa barabarani. Ahsante sana fundi.

Busa_Muscat:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi niko Muscat, Hayabusa yangu kipindi cha joto nainyamazisha maana huku jua la Juni na Julai hupandi pikipiki. Nilipoitoa klachi ilikuwa imekwenda chini kabisa, nikakuta masta ya chini imevuja. Nimetia raba mpya, ukuta uko safi, hapavuji tena, lakini upepo hautoki. Napampu mpaka mkono unauma, mkono wa klachi bado laini. Nifanye nini fundi?

Fundi_Makubwa:

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kukaa bila kuminywa ndo kulikoiua, raba inaganda mahali pamoja na kutu inaota pembeni yake, siku unaminya inapita juu ya kutu. Pikipiki ikikaa uwe unaminya klachi hata mara moja moja.

Upepo kwenye klachi ni msumbufu kuliko breki kwasababu masta inasukuma mafuta kidogo sana kila unapominya, na upepo unapenda kupanda, wewe unataka kuushusha mpaka chini. Fanya hivi. Simamisha pikipiki wima kwa stendi ya gereji, ukiilaza kwenye stendi ya pembeni masta ya klachi inakuwa upande wa chini na upepo unajificha kwenye ile bolti ya paipu. Geuza usukani mpaka masta iwe juu kuliko paipu yote. Kisha anza na bolti ya juu, zungushia tambara, minya mkono ushike, legeza bolti robo mzunguko mafuta yenye mapovu yatoke, kaza, ndo uachie mkono. Lazima ukaze kabla ya kuachia la sivyo unavuta upepo upya. Rudia mpaka mapovu yaishe, halafu nenda chini kwenye nipo (kile kibolti chenye tundu cha kutolea upepo), spana namba 8, utaratibu uleule, kikopo kisikauke katikati ya kazi.

Ikigoma bado, tumia bomba la sindano kubwa na kampira kembamba, lijaze mafuta mapya bila povu, chomeka kwenye nipo ya chini, fungua, sukuma taratibu kwenda juu. Upepo unapanda wenyewe kwa asili yake na unautoa kwenye kikopo. Punguza kwanza mafuta ya kikopo yasimwagike kwenye tenki, na funika tenki kwa taulo lililolowa maji. Mwisho funga mkono wa klachi kwenye mpini kwa kamba ulale nayo hivyo usiku mzima, asubuhi ukifungua pigapiga masta kwa mpini wa bisibisi na uminye nusu nusu, vijipovu vilivyobaki vinatoka kwenye kile kitundu kidogo.

Na ukitumia pampu ya kuvuta usishangae mapovu yasiyoisha, mengi yanapenya kwenye uzi wa nipo yenyewe sio kwenye mfumo.

Busa_Muscat:

Ile ya kusukuma kutoka chini imefanya kazi, povu kubwa limetoka juu na mkono umekaza palepale. Mungu akubariki fundi.

Tudor_Rider:

Na ikikufa njiani? Mimi huenda Nairobi mara kwa mara, Mtito Andei pale katikati sitapata masta.

Fundi_Makubwa:

Beba chupa ndogo ya DOT 4 haijafunguliwa, bomba la sindano na spana namba 8. Kama inavuja taratibu unaongeza unafika, ukiminya klachi mara chache iwezekanavyo. Hapa kuongeza ni kufika nyumbani, sio matengenezo. Ukikosa DOT 4 ukapata DOT 3 weka, zinachanganyika, utamwaga zote baadaye. Maji ya sabuni usiweke, na mafuta ya usukani nayo usiweke, hayo yataua raba za juu na chini kwa pamoja.

Ikiisha kabisa gia zinapanda bila klachi, weka mguu chini ya gia ukiibana kidogo, punguza resi ghafla, inaingia yenyewe. Tatizo ni kuondoka na kusimama. Unaisukuma kwenye frii kwenye mteremko, ikishatembea ndo unaweka gia. Kwenye foleni ya mji usijaribu, tafuta pikapu.

Bandit_Ilala:

Nimerudi wakuu. Nimefungua kava ya sproketi, kiraba cha vumbi nimekifunua maji yametoka, tone kwenye kikombe limeyeyuka lote. Pistoni ina kutu ila ukuta wa silinda ukucha unapita bila kukwama. Nimepata kiti ya masta ya chini kwa bei ambayo hata robo ya masta ya juu haifiki. Sasa swali, ile fimbo imetoka nayo, ina uchafu kibao, naifanyaje, na bolti nikaze kiasi gani?

Fundi_Makubwa:

Safi sana mkuu. Pistoni yenye kutu usiirudishe, kama kiti yako ina pistoni mpya tumia hiyo. Fimbo ifute iwe safi, iviringishe juu ya kioo, ikicheza imepinda tafuta nyingine. Ikiwa nzima paka grisi kidogo sana kwenye ncha tu, irudishe upande uleule iliotokea. Kabla hujaiingiza angalia sili yake ya oili, kama pembeni yake pana unyevu mweusi unaoelea kwenye maji ibadilishe leoleo maana kava iko wazi tayari, ila chunguza kwanza kama ya injini yako inatokea kwa nje, kuna injini ambazo ile sili ina ukingo kwa ndani haitoki bila kufungua injini.

Safisha na eneo lote la sproketi usirudishe masta mpya kwenye tope. Bolti za kava ni milimita 6 kwenye alumini, Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza) zinatosha, usiweke nguvu ya mwili. Bolti ya paipu washa mpya zote mbili, Suzuki nyingi ni Nm 23, Honda nyingi ni 34. Nipo ikaze kidogo tu, ina tundu katikati inakatika. Ukishatoa upepo pulizia poda tena, endesha kidogo mtaani kwako, rudi uangalie ikiwa ya moto.